Kabla hujamwambia mtoto "ni zambi"

"Hiyo ni zambi, uko mwizi!" Nilimwambia hivyo mtoto wa dada yangu, miaka 9, mbele ya wageni. Nilikuwa nimemtuma soko la Kadutu kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akarudi na pesa pungufu, franka 500. Usiku ule hakula. Asubuhi, nikiosha kikapu, nikaikuta noti imenata kwenye nyuzi za chini, imelowa maji ya samaki.

Tangu hapo neno hilo nalishika kama kisu, na ninakuomba nawe ulishike hivyo. Dhambi, ambayo sisi huku Bukavu wengi tunaitamka zambi, imetoka kwenye Kiarabu, dhanb. Inamsimamisha mtu mbele ya Mungu. Hata Kanisa Katoliki hufundisha kwamba dhambi haiwi ya mauti mpaka jambo liwe zito, mtu alijue, na akubali kwa hiari yake. Mtoto ambaye noti imempotea kikapuni ana lipi kati ya hayo?

Kosa ni la Kibantu. Kukosa ni kutopata: umelenga embe, jiwe limepita pembeni. Kiebrania cha Biblia nacho kiliona hivyo. Kitenzi chake cha kutenda dhambi, "hata", ndicho kilichotumika katika Waamuzi 20:16 kwa wale watu 700 wa mkono wa kushoto, waliolenga unywele kwa kombeo wasikose. Na hatia yetu, iliyopitia Kiarabu, ni ya ukoo huohuo. Jambo hili linanigusa sana: aliyekosa shabaha anaweza kuokota jiwe lingine.

Basi mtoto akikosa, mwite pembeni, mtaje kitu chenyewe: "Franka 500 hazionekani, tutafute." Jina la mwizi liache kabisa.

Na ukiwa wewe ndiye uliyekosa, usikimbilie kusema "nimetenda dhambi" ukaishia kwenye sala. Sema "nimekukosea". Ile "ku" ya katikati ni yeye mwenyewe, huwezi kumruka.

Mimi kwanza nilijaribu kumnunulia biskuti. Aliziweka mezani, hakuzigusa. Ndipo nikachuchumaa mbele yake nikasema, "Nimekukosea, mwanangu."

Akaniangalia muda mrefu. "Na wale wageni, mama mdogo, utawaambia?"

Nikavaa viatu, nikamshika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba.