Usiiachie panga kura yako

Dada yangu wa Kisauni, Mombasa, umeuliza kama wewe na mama mbaki ndani siku ya kura mwaka 2027, kwa sababu vijana wa mapanga wameshawatisha watu wa mtaa wenu. Hofu yako naielewa. Watoto hawa wa miaka 15, 16 wakipita, maduka hufungwa. Lakini hicho ndicho anachokitaka anayewalipa: mtaa usiompenda usipige kura.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Tokeni mapema, majirani kumi au zaidi pamoja, msivae rangi za chama. Mama ni mzee, apelekwe mbele ya foleni. Ni haki yake. Kura ni siri, kwa hiyo akikuuliza mtu umemchagua nani, usimjibu.

Kama kituo chenyewe kiko maskani mwa vijana hao, nenda IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, uombe kuhamishiwa kingine, mapema, kabla usajili haujasitishwa. Vitisho andika: siku, saa, maneno yenyewe. Kumtisha mpiga kura ni kosa chini ya sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016. Ukiogopa polisi wa karibu, pitia shirika la haki za binadamu.