Skafu ya bandana: pima kichwa, usipime shingo

Juni inakaribia, na maswali mengi safari hii yanahusu skafu ya bandana ya kroshia: ile ya mviringo yenye pembe inayoshuka kifuani, unayoivaa bila kufunga fundo. Hapa Dar tunaishi bila hiyo. Wanaoihitaji ni watoto wetu walio bweni Njombe na Makete, na ndugu zetu wa Mbeya.

Dada, nitumie sindano namba ngapi? (Mbagala)

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara muulizaji hasemi uzi wake una unene gani. Sindano hufuata uzi. Kwa uzi wa sweta wa unene wa kati, anza na milimita 5. Fuma kipande cha majaribio cha sentimita 12 kwa 12, kisha pima sentimita 10 za katikati, maana pembeni hudanganya. Ukipata dabo 13 (dabo ni shina refu: unazungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano) na safu 7, endelea. Ukipata dabo 15, mkono wako unabana, panda hadi 5.5. Ukipata 11, shuka hadi 4.5. Kipande hicho ni kazi ya muda mfupi. Kufumua skafu nzima ni jioni mbili zimepotea.

Shikamoo. Yangu imekaa vizuri shingoni nilipoizungushia, lakini baada ya kuiunga haipiti kichwani. (Tabata)

Marahaba. Ulipima shingo. Skafu hii haina kifungo wala zipu, kwa hiyo lazima ipite kichwani, na kichwa cha mtu mzima huwa karibu sentimita 55 hadi 58. Mduara uwe sentimita 2 hadi 4 zaidi ya kichwa. Mwenye rasta apime akiwa na rasta zake. Sababu ya pili ni cheni za nyuma, yaani ule mfululizo wa vitanzi unaounga pande mbili za pembe: wengi huzibana mno, na cheni iliyobanwa hainyumbuki kama dabo. Kwa cheni hizo peke yake tumia sindano kubwa kwa nusu milimita.

Naomba hatua zote na hesabu, ya mtu mzima na ya mtoto. (Kigamboni)

Hesabu hizi ni za dabo 13 kwa sentimita 10. Kama kipande chako kimetoa namba nyingine, usizifuate.

Anzia kwenye ncha ya chini. Cheni 4, kisha dabo 2 ndani ya cheni ya kwanza kabisa. Cheni 3 zilizobaki zinahesabiwa dabo, hivyo una 3. Kila safu inayofuata: geuza, cheni 3, dabo 2 palepale kwenye shina la kwanza, dabo moja moja hadi ufike mwisho, na kwenye shina la mwisho weka dabo 3. Kila safu inaongezeka 4: 3, 7, 11, 15, na kuendelea.

Mtu mzima: safu 14, dabo 55, urefu wa sentimita 20. Hapo ongeza cheni 23, hakikisha hazijajisokota, unga kwenye mwanzo wa safu hiyohiyo. Una mashina 78, yaani sentimita 60. Sasa fuma mizunguko 8 ya dabo kupanda juu bila kuongeza chochote. Mtoto wa miaka 6 hadi 10: safu 12, dabo 47, cheni 23, jumla 70, mizunguko 6. Bonge moja la gramu 100 linatosha mtu mzima.

Msiwawekee watoto wadogo pindo za nyuzi wala vifungo vya urembo, na mtoto mchanga asilale akiwa ameivaa.

Upande mmoja wa pembe umenyooka, mwingine umeingia ndani. Kwa nini? (Ubungo)

Unaruka zile cheni 3 za mwanzo wa safu iliyopita. Nazo ni shina, dabo 3 za mwisho zinaingia juu yake. Hesabu kila safu. Ikikosekana moja, fumua hapohapo.

Nimefuata maelekezo ya mtandaoni, safu zote zimetimia, lakini imetoka fupi na ngumu kama mkeka. (Sinza)

Umechanganya Marekani na Uingereza. Dabo ya Marekani, unayozungusha uzi mara moja kabla ya kuingiza sindano, Waingereza huiita trebo. Dabo yao wao ni lile shina fupi lisilozungushwa. Ukiona maelekezo yanaliita shina hilo fupi singo, ni ya Marekani, kwa sababu Uingereza hakuna singo. Humu natumia ya Marekani.

Uzi wa Kariakoo hauna lebo. Nitajuaje kama ni sufu? (Temeke)

Kata kipande cha kidole kimoja, kishike kwa koleo, kichome juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua na majivu yake husagika. Pamba hunuka karatasi. Akriliki (uzi wa plastiki) huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi.

Hili si jambo dogo. Skafu ya akriliki isipigwe pasi, hasa ya mkaa: inalala bapa na haiinuki tena. Na mwambieni aliyeko Makete asiiname juu ya jiko akiwa ameivaa. Sufu haiyeyuki, lakini maji ya moto na kusugua huifanya isinyae na kushikamana. Zote zifuliwe kwa maji baridi, zikamuliwe ndani ya taulo, zianikwe zikiwa zimelazwa. Ukining'iniza kwenye kamba, uzito wa maji unavuta pembe hadi tumboni. Na kwa unyevu wa Dar, usifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla haijakauka kabisa, itaota ukungu.

Uzi wa vitambaa vya makochi unafaa? (Mbezi)

Hapana. Ni pamba nyembamba, haihifadhi joto, na ikilowa inakaa na maji.

Mume wangu ni bodaboda, anatoka alfajiri. Nimfumie hii au skafu ya kawaida? (Gongo la Mboto)

Hii. Skafu ndefu ina ncha mbili zinazopepea, na ncha ikinaswa na gurudumu au mnyororo inamkaba dereva. Mfumie pembe fupi, safu 10, dabo 39, cheni 39 nyuma, na aiingize yote ndani ya jaketi. Ukanda wa helmeti ufungwe chini ya kidevu kwanza, skafu ipandishwe juu yake.