Je, Kumpinga Mgombea Aliyetajwa Mimbarini Ni Kumpinga Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Jumapili chache zilizopita mgombea mmoja alikuja ibadani, akatoa mchango mkubwa wa ujenzi, na baada ya mahubiri mchungaji wetu akamwekea mikono mbele ya madhabahu, akatangaza kwamba huyu ndiye chaguo la Mungu na kwamba atakayempinga anashindana na agizo la Mungu, kama ilivyoandikwa katika Warumi 13. Nina sababu zangu za kutompa kura mtu huyo. Tangu siku ile sina amani, na baadhi ya wazee wenzangu wananitazama kama mwasi. Je, natenda dhambi? Au tuseme tu kwamba imani na siasa zisikutane kabisa?

JIBU: Ameni, mzee wangu. Hutendi dhambi, na nalisema hilo mwanzoni ili usiyasome yanayofuata ukiwa na mzigo moyoni.

Tuanze na andiko lenyewe. Paulo aliwaandikia Warumi karibu na mwaka 57, Nero akiwa Kaisari, na wasomaji wake hawakuwa na nafasi yoyote ya kuchagua nani awatawale. Aliwafundisha kwamba utawala umewekwa na Mungu ili umtumikie mwananchi kwa ajili ya mema, na kwamba Mkristo asikwepe kodi wala asiishi kama mhalifu. Anayezungumziwa pale ni mwenye mamlaka iliyokwisha kuwapo. Mgombea hana mamlaka bado. Anayaomba, na anayaomba kwako. Siku ya kupiga kura aliyekabidhiwa dhamana ni wewe mpiga kura, kwa hiyo andiko lile, likisomwa kwa uaminifu, linakudai uitumie dhamana hiyo kwa ajili ya mema ya jirani zako, wala halikuagizi umkabidhi mtu mwingine dhamiri yako. Tukumbuke pia kwamba mgawanyo wa sura katika Biblia zetu ulifanywa katika karne ya 13. Paulo hakuweka ukuta kati ya sura ya 12 na ya 13, na ni huko katika sura ya 12 anakowaambia waumini wasiifuatishe namna ya dunia hii. Miaka ya nyuma mimi mwenyewe niliwahi kuwasomea washarika sura ya 13 peke yake, nikawataka wanyamaze juu ya jambo ambalo halikustahili kunyamaziwa, na ninajuta kufanya hivyo.

Zaidi ya hayo, maisha ya Paulo yanatuonyesha alimaanisha nini. Kule Filipi alipigwa na kufungwa bila kuhukumiwa, na kesho yake wakuu wa mji walipotuma watu wamwachilie kimyakimya, alikataa kuondoka mpaka waje wenyewe kumtoa, kwa kuwa walikuwa wamevunja haki yake kama raia wa Rumi. Baadaye, alipoona hatatendewa haki, alikata rufani kwa Kaisari. Huyu ndiye mtu aliyeandika kwamba kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu.

Warumi 13 imeumizwa sana na wanaoitumia kama kufuli la midomo. Nchini Afrika Kusini, utawala wa ubaguzi wa rangi ulitetewa kwa hoja za kitheolojia ndani ya kanisa kubwa la Kireformati la Wazungu, na waliopinga waliambiwa kwamba wanaipinga serikali iliyowekwa na Mungu. Mwaka 1982 umoja wa makanisa ya Kireformati duniani, ulipokutana Ottawa, ulitamka kwamba kuuhalalisha ubaguzi huo kwa Biblia ni uzushi, na mwaka 1985 wanatheolojia waliotoa Waraka wa Kairos walionyesha wazi jinsi sura hiyo ilivyopindishwa ili kuipa dola utukufu usio wake. Neno uzushi ni zito, na lilitumiwa kwa haki, kwa sababu pale anapowekwa mtawala mahali pa Mungu, kosa limekwisha kuvuka mipaka ya siasa.

Sasa kuhusu unabii uliotolewa mbele ya madhabahu, nakusihi usome 1 Wafalme 22 polepole. Ahabu alitaka kwenda vitani Ramoth-Gileadi, akakusanya manabii wapata 400, na wote kwa sauti moja wakamwambia apande, kwani atashinda. Alikuwapo mmoja tu, Mikaya mwana wa Imla, ambaye mfalme alikiri kwamba anamchukia kwa sababu hamtabirii mema. Mjumbe aliyetumwa kumwita alimsihi aseme kama wenzake walivyosema. Mikaya akajibu kwamba atasema lile tu atakaloambiwa na Bwana, akalisema, akapigwa kofi, akatiwa gerezani. Ahabu alifia vitani. Wingi wa wanaokubaliana haukuwa ushahidi kwamba Bwana amesema, na ukaribu wa manabii wale na kiti cha enzi ulipaswa kuwatia watu shaka zaidi.

Hata hivyo, mzee wangu, sikubaliani na sehemu ya pili ya swali lako. Kusema imani na siasa zisikutane ni kusema kwamba kuna sehemu ya maisha ya binadamu ambayo Mungu haijali, na siwezi kuliamini hilo. Kodi ya mjane, haki ya mfungwa, mshahara wa kibarua na ardhi ya mnyonge ni mambo ya siasa, na manabii waliyazungumza yote bila kuomba radhi. Wengi hukimbilia neno la Yesu la kumlipa Kaisari yaliyo ya Kaisari kana kwamba aliigawa dunia vipande viwili sawa. Tazama alichofanya kwanza: aliomba aonyeshwe dinari, akauliza sanamu na anwani iliyo juu yake ni ya nani. Sarafu ina sura ya Kaisari, basi arudishiwe sarafu yake. Lakini mwanadamu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo Kaisari anaweza kudai fedha yetu, naye hawezi kudai nafsi yetu wala nafsi ya jirani yetu. Siisikii katika jibu hilo ruhusa ya kujitenga. Nasikia mpaka ambao Kaisari amewekewa.

Linalonisumbua katika kisa chako, basi, si kwamba siasa ilitajwa kanisani. Linalonisumbua ni kwamba kanisa lilijiweka rehani. Mwaka 380 Kaisari Theodosio alishiriki kutoa amri iliyoifanya imani ya Kikristo, kama ilivyokiriwa na mtaguso wa Nikea, kuwa dini ya dola, na kwa macho ya kibinadamu kanisa lilikuwa na deni kubwa kwake. Mwaka 390 askari wake waliwaua maelfu ya watu wa Thesalonike kulipiza kisasi cha kuuawa kwa afisa mmoja. Ambrosi, askofu wa Milano, alimwandikia Kaisari kwamba hatamhudumia Meza ya Bwana mpaka atubu, na Theodosio akatubu hadharani. Ambrosi hakuwa mtu asiye na doa, na mengine aliyoyadai kwa watawala siwezi kuyatetea, lakini siku ile kanisa lilikuwa na mdomo wa kusema kwa sababu halikuwa limeuuza. Je, mchungaji wenu, akisikia mwaka ujao kwamba mtu yule amewadhulumu watu, atasimama mimbarini na kusema nini? Ameshatangaza kwamba kumpinga ni kumpinga Mungu. Amejifunga ulimi yeye mwenyewe, na hilo ndilo jeraha kubwa kuliko kura moja au mbili.

Nenda kwake peke yako kwanza, kama Mathayo 18 inavyoagiza, na usianzie kwenye kikao cha wazee. Mheshimu kama mchungaji wako. Mwombe kwamba wagombea wote waombewe kwa majina bila kumpigia debe yeyote, na kwamba mchango wa mtu yeyote uingizwe kwenye vitabu vya kanisa kama sadaka nyingine, bila hotuba. Asipokusikia, nenda na mzee mwingine mmoja au wawili. Wenzako wanaokutazama vibaya waambie waziwazi kwamba hujawakataza kumchagua mtu huyo. Wakimpa kura kwa sababu wanaona anafaa, hiyo ni haki yao, na mtashiriki Meza ya Bwana pamoja Jumapili inayofuata.

SWALI: Mchungaji, shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 27, nimeokoka, na nimeombwa kugombea nafasi ya udiwani. Mama yangu analia, anasema siasa ni mchezo mchafu na nitaipoteza imani. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Machozi ya mama usiyapuuze, maana ameona watu walioingia wakiwa safi wakatoka wakiwa wengine. Wapo pia Wakristo makini, kama Waanabaptisti wa Uswisi, yaani wale waliokataa ubatizo wa watoto wachanga, waliokutana Schleitheim mwaka 1527, walioamini kwamba mfuasi wa Kristo asishike cheo cha dola kwa sababu dola hutumia upanga. Nawaheshimu, lakini siungi mkono msimamo huo, kwa kuwa Yusufu, Danieli na Nehemia walitumika katika nyumba za wafalme wasiomcha Mungu wa Israeli, na watu wengi waliokolewa kwa utumishi wao.

William Wilberforce alikuwa mbunge Uingereza alipoguswa na Injili mwaka 1785, na alifikiria kuacha siasa ili amtumikie Mungu. Alikwenda kwa siri kumwona kasisi John Newton, ambaye zamani alikuwa nahodha wa meli za watumwa, naye akamshauri abaki bungeni. Mwaka 1791 hoja yake ya kukomesha biashara ya watumwa iliangushwa kwa kura 163 dhidi ya 88. Aliirudisha tena na tena mpaka ikapita mwaka 1807, na habari kwamba utumwa wenyewe ungekomeshwa katika makoloni ya Uingereza zilimfikia siku chache kabla ya kufa kwake, Julai 1833. Angeondoka mwaka ule wa kwanza akidhani anailinda imani yake, asiyekuwapo na lake halipo.

Kabla hujajibu walioomba ugombee, andika mambo ambayo hutayafanya hata ukishindwa: hutatoa rushwa, hutamzushia mpinzani, hutatumia jina la Yesu kuombea kura. Mpe mama karatasi hiyo aitunze, na umwombe akuulize juu yake kila mwezi. Nadhani machozi yake yatapata kazi ya kufanya.

SWALI: Tumeagizwa kuwaombea wenye mamlaka. Nitamwombeaje kiongozi ninayeamini kwamba anawadhulumu watu? Nikimwombea najisikia mnafiki.

JIBU: Ndugu yangu, kumwombea mtu si kuyakubali matendo yake. Yeremia aliwaandikia mateka walioko Babeli wauombee mji uleule uliowateka, na Yeremia huyohuyo alitabiri hukumu ya Babeli. Ungekuwa mnafiki kama ungemwombea mafanikio katika dhuluma, lakini Zaburi ya 72 imekuwekea maombi ya namna nyingine: inamwombea mfalme awahukumu maskini kwa haki, awaokoe wahitaji na kumwangusha mwenye kuonea. Ukikosa maneno, isome zaburi hiyo kwa sauti, na kila ilipoandikwa habari ya mfalme, taja jina la kiongozi huyo.