Jibu: Mtoto wa mpira wa kichwa maji anatapika na ana homa

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama homa na kutapika kwa mwanao wa miezi 7, wiki 5 tangu awekewe mpira wa kichwa maji (mrija wa kushusha maji ya kichwani hadi tumboni), ni meno tu. Tafadhali usiyasingizie meno. Miezi michache ya kwanza ndiyo mpira huingiwa na vijidudu zaidi, na kuziba waweza kuziba wakati wowote.

Mkalishe wima akiwa halii, upitishe kidole utosini. Utosi mzuri huwa bapa au umebonyea kidogo. Ukituna na kukaza, maji hayashuki. Macho yakielekea chini hadi weupe uonekane juu ya mboni, hiyo ni dharura. Fuata pia njia ya mpira, nyuma ya sikio, shingoni hadi tumboni, uangalie wekundu au unyevu. Hata usipoona kitu, vuka feri leo hii urudi alikopasuliwa, usingoje siku ya kliniki. Dawa ya vijidudu ya dukani usimpe, itavuruga kipimo.

Huko watampiga picha ya kichwa na kuvuta maji kidogo kwenye vali (kidude cha mpira kinachodhibiti maji, chini ya ngozi ya kichwa) kwa sindano nyembamba. Vijidudu vikipatikana, kwa kawaida mpira wote hutolewa, maji yakapitishwa nje kwa mrija wa muda huku akipewa dawa za vijidudu kupitia mshipa wa damu. Mpya huwekwa maji yakishakuwa safi. Dawa pekee mara nyingi hushindwa, maana vijidudu hujijengea utando juu ya mpira. Ukiwa umeziba tu, hubadilishwa kipande kilichoziba, aghalabu cha kichwani.