Majaji walitazama miguu au gauni?

SWALI: Kijiweni kwetu Sinza tunabishana. Kwenye mchezo wa kuteleza kwenye barafu wa miaka ya 1990, Mmarekani Tonya Harding alipunjwa alama kwa umaskini wake, na mpinzani wake Nancy Kerrigan akabebwa kwa kuwa wa kishua?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kerrigan hakuwa wa kishua. Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma; gauni la Vera Wang, mbunifu maarufu wa mavazi, ndilo lililowadanganya watu. Harding alivaa za kushonwa nyumbani, lakini mwaka 1991 alipotua akseli, mruko wa mizunguko mitatu na nusu hewani, wa kwanza kwa wanawake wa Marekani, alipata ubingwa wa taifa.

Dhuluma ilipata upenyo kwenye alama ya pili. Enzi hizo jaji alitoa alama mbili, kila moja mwisho 6.0: ufundi, kisha uwasilishaji. Mruko unahesabika, uwasilishaji haukuwa na kipimo, ndipo nywele, gauni na muziki vikajipenyeza. Tangu 2004 kila mruko una thamani yake iliyoandikwa, na sasa jaji hutoa daraja kati ya -5 na +5 linaloongeza au kupunguza thamani hiyo. Kati ya alama za majaji, ya juu kabisa na ya chini kabisa hufutwa. Ya usanii bado ipo, na bado inatutia shaka.

Ila shambulio la Detroit, Januari 6, 1994, msilitetee kwa umaskini. Aliyepigwa mguuni ni Kerrigan, shambulio lililopangwa na watu wa karibu na Harding, naye Harding alikiri kosa la kula njama ya kukwamisha mashtaka ya kesi hiyo.