Maswali ya Wasomaji: Je, cc Nyingi Ndizo Zinazomaliza Mafuta?

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi ni mfanyabiashara wa Mbarara. Kila wiki ninakwenda Kampala na kurudi kesho yake, na mara nyingi ninabeba watu watatu pamoja na mizigo yao. Katika bondi moja ya magari pale Nakawa nimeona Toyota Crown Athlete mbili za mwaka 2013. Moja ni ya cc 2,500 na nyingine ni ya cc 3,500, na bei zake zinakaribiana. Shemeji yangu, ambaye ni fundi, ameniambia kwamba ile kubwa itanifilisi kwa mafuta. Nimsikilize?
*Msomaji, Mbarara*

JIBU: Ndugu yangu, shemeji yako anasema jambo la kweli, ila ukweli wake una uzito zaidi kwa mtu anayeshinda katika msongamano wa Kampala kuliko kwa mtu wa safari kama yako.

Tuanze na injini zenyewe. Zote mbili ni za silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V, na ni ndugu wa ukoo mmoja. Idadi ya pistoni na valvu ni ileile. Tofauti ni kwamba silinda za ile ndogo zina upana wa milimita 83 na pistoni yake inatembea milimita 77, ilhali za ile kubwa zina upana wa milimita 94 na pistoni inatembea milimita 83. Kwa hiyo ukinunua ya cc 2,500 hupunguzi sana msuguano wa ndani, kama ambavyo ungeupunguza kwa kutoka silinda nane kwenda nne. Isitoshe, ya cc 3,500 ilipewa gieboksi ya gia nane, na ya cc 2,500 ikabaki na gia sita, jambo linaloiwezesha injini kubwa kuzunguka polepole gari likiwa kwenye mwendo.

Bahati nzuri, injini hizohizo ziliwekwa katika Lexus IS 250 na IS 350, nazo zilipimwa rasmi nchini Marekani. Kwa magari ya mwaka 2014 yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, vipimo hivyo vikigeuzwa kuwa kilomita kwa lita vinaipa IS 250 takribani 8.9 mjini na 12.8 barabara kuu, na IS 350 takribani 8.1 mjini na 11.9 barabara kuu. Crown ni kubwa kidogo kuliko magari hayo na barabara zetu zina matuta mengi, kwa hiyo usitegemee kuzifikia namba hizo. Kinachotuhusu ni pengo kati yake. Kutoka Mbarara hadi Kampala na kurudi ni kama kilomita 540. Kwa vipimo hivyo gari dogo lingetumia lita 42 na kubwa lita 45 na ushei. Nikichukua bei ya shilingi 5,000 kwa lita, unalipa ziada ya takribani shilingi 16,000 kwa wiki. Fedha hiyo ni ya kuhesabiwa, na kwa mwaka inazidi shilingi 800,000, lakini haimfilisi mtu anayeweza kununua Crown.

Kwa nini pengo ni dogo kiasi hicho, wakati ujazo wa injini umezidi kwa cc 1,000 nzima? Gari la aina hii likienda kilomita 90 au 100 kwa saa kwenye tambarare linahitaji nguvu za farasi 20 hadi 30 tu ili kushinda upepo na ukinzani wa matairi, na hitaji hilo ni lilelile, uwe umeweka injini kubwa au ndogo. Injini ya petroli inapofanya kazi ndogo kuliko uwezo wake, mlango wake wa hewa hufunguka kidogo tu, nayo hulazimika kuivuta hewa kwa shida, mfano wa mtu anayekimbia huku akipumua kwa mrija. Shida hiyo inakula mafuta, na injini kubwa inaipata zaidi kwa sababu inahitaji kubanwa zaidi. Gia ya nane inapoipunguzia mizunguko, mlango wa hewa hufunguka zaidi na hasara hiyo hupungua.

Niliwahi kuliona jambo hili kwa macho yangu nikiwa katika Crown Majesta ya rafiki yangu, yenye silinda nane na cc 4,300, tukielekea Masaka. Gari lile lina kipimo kinachoonyesha matumizi ya papo hapo. Pale Kibuye, jijini Kampala, saa kumi na mbili jioni, tukisogea hatua mbili na kusimama, kipimo kilikuwa kinapanda na kuanguka hata nikaacha kukitazama. Tulipofika Lwera, ambako barabara imenyooka katikati ya kinamasi, mshale wa mizunguko haukufika 2,000 kwa mwendo wa kilomita 90, na kipimo kikatulia juu ya kilomita 10 kwa lita hadi tulipoanza kupunguza mwendo kuingia Lukaya. Gari lilikuwa lilelile na tangi lilelile, na katikati palikuwa na muda usiozidi saa mbili na nusu.

Sasa weka abiria wako watatu, mizigo, na vilima. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwenu ni juu zaidi, na ukiendelea hadi Kabale unakaribia mita 2,000. Hewa inavyozidi kuwa nyepesi, injini isiyo na turbo (pampu inayoisukumia injini hewa) hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Injini ya cc 2,500 yenye farasi wapatao 200 nchini Japani inakuwa na farasi 160 hivi katika milima ya Kigezi, huko Kabale, na inabidi ishushe gia na kupiga kelele kila unapotaka kulipita lori. Injini inayokanyagwa hadi mwisho huongezewa petroli kuliko kawaida ili isipate joto la kupita kiasi, na hapo ndipo lile pengo la shilingi 16,000 linapozidi kupungua.

Kwa safari zako mimi ningechukua ya cc 3,500, kwa sharti moja, kwamba iwe imetunzwa sawa na mwenzake. Ile yenye plagi zilizochoka, kihisio cha oksijeni kilichokufa au breki inayoshika itatumia mafuta zaidi hata ikiwa ndiyo ya cc 2,500. Mwombe shemeji yako akague hayo kabla hamjatoa hata shilingi, kwa maana huko ndiko ujuzi wake utakakokufaa zaidi. Jambo jingine la kumwambia: injini ya cc 3,500 ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo okteni yake (kipimo cha petroli kuhimili mgandamizo bila kujilipukia) haipungui 96. Ukiweka petroli hafifu zaidi, kompyuta ya gari huchelewesha cheche ili kuilinda injini, na hapo unapoteza nguvu na kilomita pia. Jaribu kujaza petroli ya daraja la juu kwa matangi matatu mfululizo, uandike kilomita na lita kwenye daftari, kisha ulinganishe na matangi matatu ya petroli ya kawaida. Hesabu ya gari lako mwenyewe itakuambia kama bei ya ziada inarudi.

SWALI: Mheshimiwa, mimi na mume wangu tunakodisha magari ya harusi hapa Kampala. Tunataka kuongeza Mercedes-Benz S-Class. Tumepata S 350 na S 500, zote za mwaka 2008 na zote tayari zimesajiliwa nchini. Wateja wanapenda jina la S 500. Matumizi yakoje?
*Msomaji, Kampala*

JIBU: Dada yangu, kwa biashara yenu ushauri wangu unageuka. Gari la harusi halisafiri; linasubiri. Linasimama nje ya kanisa la Namirembe injini ikiwaka na kiyoyozi kikipuliza ili bibi harusi asitoke jasho, linakwenda kwenye picha, linasimama tena, kisha linakwama njiani kuelekea ukumbini.

Injini ikiwaka gari limesimama, ujazo ndio unaosema. Wizara ya Nishati ya Marekani imechapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba gari dogo la cc 2,000 huunguza takribani lita 0.6 kwa saa bila mzigo wowote, na gari kubwa la cc 4,600 huunguza takribani lita 1.5. S 500 ya mwaka huo ina silinda nane na cc 5,461. Tukiikadiria lita 2 kwa saa pamoja na kiyoyozi, saa tatu za kusubiri zinameza lita 6, ilhali mwendo wenyewe wa Jumamosi hiyo huenda ni kilomita 15 tu. Gari litakuwa limetumia mafuta mengi zaidi likiwa limesimama kuliko likiwa linatembea.

S 350 ina silinda sita na cc 3,498, na kwa macho ya waliokaa kiti cha nyuma magari haya ni mamoja. Chukueni hiyo, ila fundi asome kwanza namba ya injini, kwa sababu injini za mwanzo za aina hiyo, zilizoundwa kabla ya 2007, zina historia ya gia ya shafti ya mizani (inayopunguza mtikisiko wa injini) kulika meno, na kuirekebisha kunahitaji kuishusha injini. Kama mioyo yenu imeng'ang'ania S 500, subirini ya mwaka 2011 kuendelea. Hapo Mercedes-Benz walipunguza ujazo hadi cc 4,663 na kuongeza turbo mbili. Nguvu zikapanda kutoka farasi 388 hadi 435, na matumizi rasmi yakashuka.

SWALI: Ninaishi Gulu na ninakwenda Kampala mara mbili kwa mwezi. Nimeshawishiwa ninunue Lexus LS 600h kwa kuwa ni haibridi, yaani inatumia petroli na umeme. Je, nitaokoa mafuta kuliko kwa LS 460 ya petroli pekee?
*Msomaji, Gulu*

JIBU: Kwa barabara hiyo, hapana. Katika vipimo vya Marekani vya miaka ya mwanzo ya magari hayo, LS 460 ilipata kama kilomita 6.8 kwa lita mjini na 10.2 barabara kuu, na LS 600h ndefu ikapata 8.5 mjini na 9.4 barabara kuu. Haibridi ilishinda mjini na kushindwa safarini, kwa sababu ina injini ya cc 5,000, inasukumwa na magurudumu yote manne, na imezidi uzito kwa zaidi ya kilo 300. Mota yake ya umeme iliwekwa ili kuongeza kasi kuliko kubana petroli.

Ukitaka haibridi inayobana petroli kwa dhati katika gari kubwa la starehe, tafuta Crown haibridi ya kuanzia mwisho wa 2012, yenye injini ya silinda nne ya cc 2,500, ambayo katika vipimo vya Japani ilipewa kilomita 23.2 kwa lita. Hutaiona namba hiyo kati ya Gulu na Karuma, lakini utaizidi LS yoyote kwa mbali. Kabla ya kulipa, betri kubwa ipimwe kwa mashine, seli moja baada ya nyingine, na matundu ya hewa ya kuipoza yakaguliwe, kwa kuwa vumbi la barabara zetu huyaziba mapema na betri hufa kwa joto.