Bia nyeusi Kigoma: ya bomba, ya chupa, na ile ya kwao

Ukiagiza bia nyeusi kwenye baa yoyote ya Mwanga, hapa Kigoma mjini, mhudumu ana swali moja tu: ya moto au ya baridi? Ni swali zito kuliko linavyosikika. Wanaorudi safari kutoka Dublin au London huja na lao, kwamba stauti, yaani bia nyeusi, ya kweli ni ya bomba, na hii ya chupa tunayokunywa huku mwisho wa reli ni ya kujipoza tu. Wanakosea. Hizo ni bia mbili tofauti zilizopewa jina moja, na kwa joto la Kigoma chupa iliyotunzwa vizuri huishinda bia ya bomba iliyotunzwa hovyo.

Tuanze na namba. Guinness, ile stauti ya Dublin, ikiwa ya bomba ina kilevi asilimia 4.2. Foreign Extra Stout, ambayo ndiyo ya chupa, ina asilimia 7.5, na huku Afrika Mashariki utaikuta pia ya 6.5. Soma lebo, imeandikwa. Chupa mbili za nusu lita za asilimia 6.5 zina mililita 65 za kilevi kitupu. Glasi tatu za nusu lita za bomba zina 63. Kwa hiyo aliyezoea glasi tatu za bomba huko alikokuwa, akija huku akaagiza chupa tatu kwa mazoea yale yale, amekunywa zaidi ya glasi nne na nusu. Asishangae bodaboda ikimkataa.

Tofauti ya pili ni hewa. Bia ya chupa ina hewa ya ukaa peke yake, kama soda. Ya bomba husukumwa na mchanganyiko wa naitrojeni karibu asilimia 75 na hewa ya ukaa asilimia 25, mtindo ulioanza mwaka 1959. Naitrojeni haipendi kuyeyuka kwenye kimiminika, hivyo ikipata upenyo hutoka kwa viputo vidogo sana, na viputo vidogo ndivyo vinavyofanya povu zito kama malai ya maziwa. Hewa ya ukaa ikipungua, na ule uchachu unaochoma ulimi hupungua. Ndiyo maana ya bomba hushuka laini, uchungu wake umetulia, hata ukadhani ni nzito. Si nzito. Ni nyepesi kuliko bia nyingi za njano za hapa.

Ya chupa haijaribu kuwa laini. Inachoma kidogo, inanukia kahawa iliyoungua, ina uchungu wa hopsi, maua yanayotiwa kwenye bia, unaobaki kooni na uchachu kama wa tunda lililokauka. Rangi na harufu hiyo vinatokana na shayiri iliyokaangwa, kiwandani Dublin hufikishwa nyuzi joto 232, sio na chuma wala damu. Ile habari kwamba bia nyeusi inaongeza damu iachwe. Chuma kilichomo ni kidogo mno, na mama aliyejifungua ana vyakula bora vya kumrudishia nguvu. Tena ukiinua glasi mbele ya taa utaona si nyeusi hata kidogo, ni nyekundu iliyokolea.

Castle Milk Stout ni habari nyingine. Ndani yake kuna sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo utamu unabaki. Anayesumbuliwa na tumbo akinywa maziwa aikwepe, asije akamlaumu mpishi wa samaki.

Sasa bomba lenyewe. Ukiwa mahali penye mashine, angalia mambo matatu kabla ya kulipa. La kwanza, glasi yako isiwe ya kwanza kutoka siku hiyo. Bia iliyolala kwenye mpira unaotoka kwenye pipa usiku kucha imepata joto na imepoteza ladha. Mhudumu mwaminifu huimwaga. La pili, mtazame anavyomimina. Glasi hulazwa nyuzi 45, hujazwa robo tatu, kisha huachwa itulie mpaka weusi na weupe vitengane, ndipo humaliziwa ikiwa wima. Kiwanda hutangaza kwamba kazi hiyo ni sekunde 119.5. Hiyo nusu sekunde ni ya matangazo, lakini dakika mbili ni za kweli, na anayejaza kwa mkupuo mmoja anakupa povu lililovimba na bia iliyopwaya. Wakati inatulia, tazama ubavuni mwa glasi: viputo vinashuka badala ya kupanda. Sio uchawi. Katikati ya glasi viputo vinapanda kwa kasi na kuivuta bia juu, nayo bia ikirudi chini kupitia kando huvikokota vile vidogo vilivyo karibu na kioo.

La tatu ni pua. Harufu ya siagi au ya siki kwenye bia ya bomba maana yake mpira ni mchafu, bakteria wameshaweka makazi. Mpira husafishwa kwa dawa yake kila baada ya siku 14, na kwa joto la huku tungesema kila siku 7. Maji matupu hayatoshi, yanasuuza tu.

Kwa mwenye baa anayefikiria kuleta mashine: piga hesabu ya mauzo kabla ya kupiga hesabu ya sifa. Pipa la lita 50 ni glasi 100 za nusu lita kwenye karatasi, ukitoa za kumwaga zibaki kama 95. Ukiuza glasi tano kwa siku, pipa litakaa siku 19, na glasi za wiki ya mwisho hazitamrudisha mteja. Halafu kuna gesi. Stauti ya naitrojeni inataka mchanganyiko wake, kwa msukumo wa psi 30 hadi 40, na bomba lenye kisahani cha vitundu vidogo mdomoni ambacho ndicho kinachoiamsha naitrojeni itoke. Ukiishiwa na mtungi huo ukaunganisha wa hewa ya ukaa peke yake kwa msukumo huo huo, bia itabugia ukaa, na kesho utakuwa unauza povu. Anayesukuma kwa kompresa ya hewa ya kawaida ndiye anayeharibu kabisa, kwa sababu oksijeni huichakaza bia ndani ya siku moja au mbili. Ongeza umeme kukatika na jenereta kuchelewa kuwashwa. Kwa baa nyingi za mji huu, fedha hiyo ingefaa kununulia friji ya pili.

Kopo lenye kijipira cha duara ndani liko katikati ya bomba na chupa. Kijipira kile kina naitrojeni, kopo likifunguliwa kinailipua ndani ya bia. Lipoze angalau saa tatu, lifungue, subiri pumzi itoke, mimina lote kwa mara moja kwenye glasi kubwa. Likiwa la moto litakurukia mpaka kwenye shati. Kunywa moja kwa moja kwenye kopo ni kutupa hela.

Turudi kwenye chupa, maana ndiyo iliyo mezani. Adui yake ni joto. Watengeneza bia wana kanuni yao ya kukadiria: siku 3 kwenye nyuzi 32 zinaichakaza bia sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Ni makadirio, na stauti huvumilia kuliko bia ya njano kwa kuwa kilevi chake ni kingi na ladha ya kuungua inaficha mengi. Lakini fikiria safari ya kreti. Limeshuka kwenye lori au behewa, limekaa stoo ya mabati mchana wa Septemba, na kama mzigo ni wa vijiji vya mwambao limepanda boti na kupigwa jua saa kadhaa bila turubai. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya madhara ya mwanga. Joto haizuii hata kidogo. Bia iliyopita huko ukiionja utakuta harufu ya boksi lililoloa, au utamu wa tende zilizovunda, na ule ukali wa kahawa umefifia.

Hivyo dukani usiangalie tarehe ya mwisho peke yake. Ulizia mzigo umeingia lini na stoo iko wapi. Duka linalomaliza kreti zake ndani ya wiki ni bora kuliko kubwa lenye kreti zilizopangwa mpaka darini. Chukua ya kreti la chini, lililo mbali na ukuta unaopigwa jua la jioni. Nyumbani isimamishe wima, sakafuni, chumba chenye giza.

Kuhusu ya moto au ya baridi, jibu letu ni kwamba zote mbili zimekosewa. Ya moto kwa Kigoma ni nyuzi 28, na hapo kilevi kinapanda puani na povu linafoka. Ya baridi kutoka friji ya baa ni nyuzi 3 au 4, na hapo ulimi umekufa ganzi, unaonja uchungu tu. Stauti ya chupa inataka nyuzi 8 hadi 12. Ya bomba nyuzi 6 au pungufu kidogo. Agiza ya baridi, iweke mezani bila kuifungua kwa dakika 15 hadi 20, jasho la chupa likianza kutiririka ndipo uifungue. Nyumbani umeme ukikatika, nunua barafu: nusu ya beseni barafu, nusu maji, chumvi ya kiganja kimoja, zamisha chupa mpaka shingoni. Dakika 15 zinatosha. Barafu tupu bila maji haipozi haraka, kwa sababu inaigusa chupa pointi chache tu. Na usiisahau kwenye friza. Ikiganda inaweza kupasua chupa, na hata isipopasuka, ikiyeyuka utakuta vipande vinaelea na povu limekufa.

Glasi ndiyo inayoangusha wengi huku, na sababu inaogelea ziwani. Mgebuka wa kukaanga, dagaa, mboga ya mawese: vyote vina mafuta, na mafuta huua povu la bia palepale. Glasi ikioshwa kwenye beseni moja na sahani za samaki, kisha ikafutwa kwa kitambaa cha jikoni, inabaki na utando usiouona. Jaribu hivi. Lowesha glasi ndani, imwage. Maji yakiteleza sawasawa kama shuka, ni safi; yakijikusanya matone matone, bado. Ukitaka uhakika nyunyiza chumvi ndani ikiwa imelowa: itashika palipo safi na kuacha upara palipo na mafuta. Osha kwa beseni la peke yake na sabuni kidogo, suuza mara mbili kwa maji mengi, ipindue kwenye kichanja ikauke yenyewe. Ukiwa unakula mgebuka kwa mkono, futa midomo kabla ya kunywa. Bia iliyotulia kwenye glasi safi huacha pete ya povu kila unapopiga funda.

Kumimina ya chupa hakuna sherehe. Ilaze glasi, mimina taratibu ubavuni mpaka nusu, inyanyue wima, malizia katikati upate povu la vidole viwili. Povu litakuwa la rangi ya kahawia na litashuka mapema kuliko la bomba. Ndivyo lilivyo.

Limebaki suala la bia ya kwao, yaani ya Dublin. Watu husema Guinness haina ladha mbali na Dublin, na wapo watafiti wanne waliolipima jambo hilo: mwaka 2011 walichapisha matokeo ya kuonja katika baa 71, miji 33, nchi 14. Ireland ilipata wastani wa alama 74 kwa 100, kwingine 57. Lakini siri si maji ya Liffey, mto unaopita Dublin, maana kiwanda cha Guinness cha St. James's Gate, kilichopangishwa mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000, hutumia maji ya milima ya Wicklow. Bia ya bomba iliyo London inatoka Dublin hiyo hiyo. Tofauti inayoeleweka ni kwamba kule pipa linaisha haraka, mipira inasafishwa, na anayemimina amemimina maelfu.

Ya chupa ina chanzo kilichogawanyika. Viwanda vya nje ya Ireland hupokea kutoka Dublin kiini cheusi kizito na kukichanganya na bia iliyotengenezwa kwao kwa nafaka zao. Nigeria wanaitengeneza tangu miaka ya 1960, na yao ina ukali wake. Kwa hiyo anayeishi Kigoma hana haja ya kuota Dublin. Geuza lebo usome imetengenezwa wapi na lini. Kilomita 1,250 za reli kutoka Dar es Salaam haziihangaishi chupa kama wiki tatu chini ya bati.

Ukitaka kuuhakikisha ulimi wako, nunua chupa tatu zenye tarehe moja. Moja iweke juu ya kabati karibu na bati, ya pili sakafuni gizani, ya tatu kwenye friji. Baada ya siku 30 zifikishe zote nyuzi 10, mimina kwenye glasi tatu safi, na mwambie mwenzio azipange bila wewe kuona. Nusa kwanza. Ile ya kabatini utaitambua kabla haijafika mdomoni.